Kwa nini mfupa uleule uliovunjika humuuma mmoja kuliko mwingine njiani kwenda hospitali

Pikipiki imegongwa, dereva na abiria wake wameangukia upande mmoja, na wote wawili wamevunjika muundi. Baada ya nusu saa dereva amekaa pembeni ya barabara anasimulia ajali ilivyokuwa, na abiria analia kila akiguswa. Waliozunguka wanatoa hukumu yao haraka: huyu ana moyo, yule ni mwoga. Hukumu hiyo inawaumiza majeruhi wengi, kwa sababu ukubwa wa jeraha hautoshi kueleza maumivu. Yanategemea pia mfupa umekatikia wapi na kama unacheza, muda uliopita, anachokiogopa mgonjwa, aliyemshika na alivyomshika, chombo alichopakiwa, matuta ya barabarani, na kama yupo mtu mwenye dawa na ruhusa ya kuitoa. Mengi kati ya hayo yako mikononi mwa walio karibu naye, hata wakiwa hawana kifaa chochote.

Na si suala la kumwonea huruma tu. Maumivu makali hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hivyo moyo hudai oksijeni zaidi. Aliyevunjika mbavu hupumua kwa kukatakata akiogopa kuvuta hewa. Makohozi hubaki kifuani na siku chache baadaye ana nimonia. Anayefurukuta kwa uchungu huongeza damu inayovuja kwenye paja lililovunjika.

Taarifa ya maumivu inavyosafiri

Ngozi, mfupa na misuli vina miisho ya mishipa ya fahamu inayotambua madhara. Mishipa ya aina mbili hupeleka taarifa hiyo kwenye uti wa mgongo. Ya kwanza ina ala nyembamba, yaani utando unaoifunika, na hupitisha ujumbe kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Hiyo ndiyo inayoleta mchomo mkali wa papo hapo, ambao mtu anaweza kuuonyesha kwa kidole. Ya pili haina ala, kasi yake haifiki mita 2 kwa sekunde, na huleta yale maumivu mazito yanayofuata, yanayotanda na kukaa. Wakati huohuo chembe zilizoumia humwaga kemikali, zikiwemo prostaglandini na bradikinini, ambazo huifanya miisho ile iamke kwa jambo dogo. Ndiyo sababu kidonda cha dakika ya tano si kidonda cha saa ya tatu. Kufikia saa ya tatu pamevimba, na hata shuka likigusa linauma.

Uti wa mgongo haupitishi kila kinacholetwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti una kitu mfano wa lango: mishipa minene inayobeba mguso wa kawaida ikishughulika, taarifa za maumivu hupita kwa shida. Mtu aliyejigonga goti husugua pale alipojigonga bila kufundishwa na yeyote. Lango hilohilo hupokea amri kutoka juu pia. Ubongo ukiwa katika hatari kubwa hutuma ishara za kushuka, pamoja na endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu, na kuyazima maumivu kwa muda.

Ushahidi unaojulikana zaidi ulitoka vitani. Mwaka 1944 daktari wa Marekani Henry Beecher alihudumia askari waliojeruhiwa vibaya huko Anzio, Italia. Aliwauliza wale waliokuwa na fahamu timamu kama wanataka dawa ya maumivu, na karibu robo tatu yao walisema hawahitaji, ingawa saa kadhaa zilikuwa zimepita tangu wapewe dawa au hawakuwa wamepewa kabisa. Hawakuwa wamekufa ganzi, kwani sindano iliyochomwa vibaya mshipani waliilalamikia kama mtu yeyote. Beecher alilielezea jambo hilo kwa maana ya jeraha lenyewe: kwa askari, kuumia kulimaanisha kuondoka vitani akiwa hai. Mchukulie sasa dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkopo, asiyejua nani atalipa hospitali wala watoto watakula nini mwezi huu. Kwake jeraha lilelile ni mwanzo wa matatizo, na ubongo wake hauna sababu ya kufunga lango.

Kuna funzo la usalama hapo. Utulivu wa dakika za mwanzo hudanganya. Majeruhi anayesema “niko sawa, niacheni niende” huenda bado yuko ndani ya ganzi ya hatari, na ganzi hiyo inaweza kuisha baada ya dakika chache au saa chache. Kama alirushwa kutoka kwenye chombo, aligongwa kwa kasi au alianguka kutoka juu ya mti, abaki ametulia pale alipo, asiinuke, hadi shingo, mgongo na nyonga vikaguliwe, hata akiwa anacheka.

Mfupa unaocheza

Kama kuna jambo moja la kulishughulikia kwanza, ni mtikisiko. Ncha za mfupa uliovunjika zina utando wenye mishipa mingi ya fahamu, na kila zikisuguana mishipa hiyo huchokozwa upya. Misuli ya jirani nayo hukaza ili kuulinda mfupa. Kwenye paja, misuli ni mikubwa kiasi kwamba huzivuta ncha zipandane, mguu ukaonekana mfupi, na nafasi iliyopatikana ndani ya paja ikajaa damu, kiasi cha lita 1 hadi 1.5. Kufunga mabanzi vizuri kunapunguza yote mawili, damu na maumivu. Katika mazingira yetu, ambako mofini, dawa kali ya maumivu, haipatikani barabarani, banzi ndilo dawa ya kwanza ya maumivu, na linastahili kufungwa kwa umakini uleule unaopewa dawa.

Kanuni yake ni kukizuia kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Muundi ukivunjika, goti na kifundo cha mguu vyote visitikisike. Paja likivunjika, banzi la nje litoke kwapani hadi kwenye nyayo, na la ndani litoke kwenye kinena. Mbao mbili, fito za mianzi au katoni nene iliyokunjwa mara tatu vinatosha. Kabla ya kufunga, gusa vidole vya mguu: vina joto? Anahisi unapovigusa? Anaweza kuvichezesha? Mapigo ya damu juu ya unyayo yapo? Vua pete, bangili na viatu mapema kabla uvimbe haujaja. Kiatu kigumu kisichovulika kwa urahisi kikatwe kamba. Jaza kanga au matandiko kwenye nafasi zilizo wazi, hasa nyuma ya goti na kwenye mifupa ya kifundo, kwa sababu mbao ikikandamiza mfupa mtupu huzaa maumivu yake yenyewe. Kisha funga vitambaa vipana juu na chini ya mvunjiko, kamwe si juu yake. Ukimaliza, rudia vipimo vile vya vidole, na uvirudie kila baada ya dakika 15 hadi mfike.

Makosa yanayotokea sana ni matatu. Banzi huwa fupi, likaishia karibu na mvunjiko na kuwa wenzo wa kuuzungusha. Kitambaa hukazwa mno, halafu mguu unavimba na hakuna anayelegeza. Kosa la tatu linaudhi zaidi: mtu anayedai kuwa na ujuzi anauvuta mguu ili “kuurudisha” kabla mgonjwa hajafika popote. Bega lililoteguka likirudishwa, kweli maumivu hupungua mara moja, lakini bila picha huwezi kujua kama mfupa nao umevunjika. Liache lilivyo, mfungie mkono kifuani kwa kanga iliyokunjwa pembetatu, tandika nguo laini kwapani, na mwache achague mwenyewe pembe inayomuuma kidogo. Mguu uliopinda hadi unyayo umepauka na hauna mapigo ya damu ni jambo lingine. Hapo mhudumu aliyefunzwa anaweza kuunyoosha taratibu, kwani bila damu tishu zitakufa.

Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta ya nyonyo kumeenea katika kila mkoa, na ndugu hufanya hivyo kwa upendo. Siku ya kwanza, joto hupanua mishipa ya damu na kuongeza uvimbe, na kuchua huzisugua ncha za mfupa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au hata pakiti ya maji iliyoganda kutoka dukani, ikiwekwa dakika 15 na kuondolewa, husaidia zaidi. Isigusane na ngozi moja kwa moja.

Safari yenyewe

Abiria wetu aliyevunjika muundi mara nyingi atapandishwa kwenye pikipiki nyingine, akae mshikaki kati ya dereva na ndugu anayemshikilia, mguu ukining'inia. Kila tuta ni mvunjiko mpya kwa hisia zake. Bajaji ni afadhali kidogo, ila mguu haunyooki. Noa au pikapu inayoruhusu mtu alale chali, godoro likiwa chini na mtu mmoja akiwa kazi yake ni kuushikilia mguu tu, ni bora kuliko vyote hivyo ikiwa gari la wagonjwa halipo. Kwa mtu aliyetulia, ambaye damu haimtoki na anapumua vizuri, dereva apunguze mwendo kwenye matuta na mashimo. Dakika tano za ziada hazitamuua, na kurushwarushwa kunaweza kuufanya mfupa utoboe ngozi iliyokuwa nzima. Kwa anayevuja damu ndani ya tumbo hesabu inageuka. Hapo ni kwenda.

Kunyanyua kunauma kuliko safari nzima kukifanywa kiholela. Watu wanne au watano, mmoja kichwani, na huyo wa kichwani ndiye anayetoa amri. Kila mmoja aweke mikono chini ya mwili kwanza, ndipo ahesabu hadi tatu. Mwambie mgonjwa kabla: “Kaka, tunakunyanyua sasa, ukiona inazidi sema simama.” Kushtukizwa humfanya akaze misuli yote, na misuli iliyokaza juu ya mfupa uliokatika ndiyo inayomfanya apige kelele.

Ubao mgumu wa kubebea wenye majeraha ya mgongo unafaa kwa kumtoa mtu mahali, haufai kwa safari ndefu. Hata mtu mzima asiye na jeraha akilazwa juu yake nusu saa huanza kuumwa kisogo, kiuno na visigino. Mgonjwa aliyepoteza hisia hatasema chochote na ataamka na vidonda. Hamishia kwenye godoro la machela mapema.

Baridi ni sababu inayopuuzwa sana kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mtu aliyepoteza damu, nguo zimekatwa, amelowa, akilala nyuma ya pikapu inayokimbia usiku, atatetemeka. Kutetemeka kunauma mahali pa mvunjiko, na mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu. Blanketi linahitajika chini yake na juu yake. Na muulize kuhusu mkojo. Kibofu kilichojaa humfanya mtu ahangaike kwa namna inayofanana kabisa na maumivu yaliyozidi.

Majeraha ambayo hayafuati mkondo huo

Kuungua kunawachanganya wengi. Ngozi iliyoungua juujuu, nyekundu na yenye malengelenge, huuma kupita kiasi kwa sababu miisho ya mishipa iko hai na iko wazi kwa hewa. Palipoungua hadi chini kabisa, ngozi ikawa nyeupe au ngumu, huenda pasiume, kwa kuwa mishipa imekufa. Kwa hiyo ukimya hapo ni dalili mbaya. Mwaga maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na inafaa kufanya hivyo hata kama saa mbili au tatu zimepita tangu aungue. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, wala unga, mayai au mafuta. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi au karatasi ya plastiki ya jikoni ili kuzuia hewa. Kufunika peke yake kunapunguza mchomo kwa kiwango kinachoonekana. Mtoto mdogo aliyemwagikiwa chai au uji, mpoze sehemu iliyoungua huku mwili mwingine ukiwa umefunikwa, maana hupoteza joto haraka.

Mkanda wa kubana damu nao una maumivu yake. Ukifungwa sawasawa juu ya mkono au mguu unaovuja damu kwa nguvu, ndani ya dakika chache utauma kuliko jeraha, kwani misuli ya chini imekosa damu. Hapo ndipo ndugu anaposhawishika kuulegeza kidogo. Asilegeze. Kulegeza na kukaza tena kunamwaga damu nyingi kuliko alivyovuja mwanzo. Uwe na upana wa sentimita 4 au 5, saa uliyofungwa iandikwe kwenye ngozi, na mgonjwa afikishwe kwa upasuaji haraka, ikiwezekana ndani ya saa 2. Maumivu ya mkanda yatibiwe kwa dawa.

Hofu na maneno

Hofu na maumivu hutumia njia nyingi zilezile ndani ya ubongo, na kila kimoja hukuza kingine. Umati uliosimama juu ya kichwa cha mtu, simu zikipiga picha, mmoja anasema “mguu huu hauponi”, hiyo ni sindano ya kuongeza maumivu anayochomwa mtu aliyelala chini. Watu wawili wakipewa kazi ya kurudisha umati nyuma, wamefanya tiba.

Anayemhudumia apige magoti afike usawa wa macho yake, ataje jina lake, amuulize la kwake, kisha aseme kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Maneno kama “hii itachoma sana” huongeza maumivu ya tendo linalofuata. Uongo kama “huhisi kitu” huvunja imani kwa safari nzima. “Utahisi nikikukaza hapa, halafu patatulia” ni kweli na inatosha. Mfundishe kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, hesabu ya tatu kuingiza na sita kutoa. Mtoto abaki na mama au mlezi wake, akae mapajani kama jeraha linaruhusu. Kumtenganisha mtoto na mzazi ili “kazi ifanyike” huzaa kilio ambacho baadaye hakuna anayejua kama ni cha maumivu au cha woga.

Kumsoma anayeumia

Kipimo cha kawaida ni swali: “Kama 0 ni hakuna maumivu kabisa na 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuyawaza, sasa hivi uko ngapi?” Uliza mara mbili, akiwa ametulia na akisogezwa, kwa sababu tofauti ya namba hizo mbili inakuonyesha banzi limefanya kazi kiasi gani. Mzee asiyezoea namba aulizwe kwa maneno: hakuna, kidogo, ya wastani, makali. Kuanzia miaka mitatu au minne mtoto anaweza kuonyesha kwenye picha za nyuso. Mdogo zaidi ya hapo hutazamwa uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na kama anatulizika, kila kimoja kikipewa 0 hadi 2, jumla 10.

Namba hiyo ni ya mgonjwa. Anayehudumia haruhusiwi kuipunguza kwa kuwa anamwona ametulia. Kijana aliyelelewa katika jamii ambayo kutikisika jandoni ni aibu ya ukoo anaweza kukaa kimya akiwa na 9. Mwanamume anayeambiwa “jikaze” mbele ya wenzake atasema 3. Mwanamke anayelia huambiwa anadeka na hucheleweshewa dawa. Mzee mwenye kupoteza kumbukumbu hataeleza, ila atakunja uso, atavuta mkono wako au atagoma kuguswa. Mlevi huonekana hasikii, kumbe pombe imemfunga mdomo na jeraha linaendelea. Wala mapigo ya moyo hayatoi jibu: yakipanda huenda ni maumivu, huenda damu inaisha, na mtu mwenye uchungu mkali anaweza kuwa na mapigo ya kawaida kabisa. Kwa hiyo anayechangamka ghafla na kuhangaika akaguliwe kwanza kupumua na kuvuja damu.

Dawa, na woga wa dawa

Kwa aliyeteguka au kuvunjika mkono au mguu peke yake, mwenye fahamu timamu, asiyetapika na asiye na dalili za kuumia tumbo, parasetamoli ianze mapema, kwani ya kumeza huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi hupewa gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi gramu 4 kwa siku. Mtoto hupewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 12 anahitaji miligramu 180, na kama shira ina miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Kijiko cha chai cha nyumbani hakipimi hivyo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano.

Ibuprofeni miligramu 400 kwa mtu mzima husaidia kwenye uvimbe, ila asipewe anayevuja damu, mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, mjamzito, wala aliyefukiwa na kifusi. Aspirini iachwe kabisa kwa majeruhi, huzuia damu kuganda. Na soma nyuma ya pakiti. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa rejareja vimechanganya parasetamoli na diklofenaki au ibuprofeni, na mtu aliyemeza viwili vya aina hiyo, kisha akapewa parasetamoli juu yake, ameshazidishiwa. Gongo haitulizi jeraha. Inampotezea daktari uwezo wa kujua kama kichwa kimeumia, na ikikutana na dawa kali inazima pumzi.

Sindano ya makalio au ya paja ina hatari ambayo wengi hawaitarajii. Mtu aliyepoteza damu hubana mishipa ya misuli, hivyo dawa hubaki pale ilipochomwa. Anaongezwa ya pili, ya tatu, bado anaumia. Akishapewa maji na damu hospitalini, misuli inafunguka na dozi zote zinaingia kwa pamoja. Beecher yuleyule aliandika mwaka 1944 juu ya askari walioleweshwa na mofini kwa njia hiyo. Kwa aliyejeruhiwa vibaya, dawa kali ipite kwenye mshipa, kidogokidogo.

Mhudumu aliyefunzwa na mwenye mofini huchanganya ampuli ya miligramu 10 na maji ya chumvi hadi mililita 10, ili kila mililita iwe miligramu 1. Hutoa miligramu 2 hadi 5, husubiri dakika tano hadi kumi, huuliza namba tena, kisha huongeza. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima; zikishuka chini ya 10 au mgonjwa akiwa haamki akiitwa, asiongezwe, apewe oksijeni, na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, iwe karibu. Kosa la kawaida upande wa pili ni dozi ya kwanza ndogo isiyofuatwa na ya pili, na mgonjwa akaandikwa kuwa “amepewa mofini” huku bado yuko kwenye 8.

Ketamini, dawa ya usingizi ambayo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu, imefaa sana mahali ambapo oksijeni ni shida, kwani kwa dozi ya maumivu haizimi pumzi wala haishushi shinikizo la damu. Dozi hiyo ni miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, ikipitishwa taratibu kwa dakika 10 hadi 15: mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 6 hadi 18 tu. Hatari iko kwenye chupa. Yenye mililita 10 za miligramu 50 kila moja ina miligramu 500, na kukosea nukta moja kunamlaza mgonjwa usingizi wa upasuaji barabarani. Dozi iliyopimwa pekee ndiyo iyeyushwe kwenye mililita 100 za maji ya chumvi. Ikisukumwa kwa haraka, mgonjwa huona maluweluwe na kuogopa, akasimulia baadaye kwamba aliona kifo.

Imani kwamba dawa ya maumivu “itaficha ugonjwa” wa tumbo ni ya enzi ambazo mkono wa daktari ulikuwa kipimo pekee. Tafiti zilizofanyika tangu hapo hazikuonyesha kwamba kutuliza maumivu kunapotosha uchunguzi. Mgonjwa aliyetulia hupapaswa vizuri zaidi. Aliyeumia kichwa anahitaji tahadhari na dozi ndogo, lakini naye asiachwe alie.

Sababu nyingine ziko mbali na mgonjwa kabisa. Tume ya jarida la tiba la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Sheria nazo hufungia dawa kabatini na kuiruhusu iandikwe na daktari pekee, ambaye hayupo ndani ya gari la wagonjwa. Uganda ilibadilisha hilo mwaka 2004, ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, hasa kwa wagonjwa wa saratani. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuwanyima mafunzo ya aina hiyo wahudumu wa dharura. Tanzania, majeruhi wa ajali huweza kuchelewa wakati ndugu wanafuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituo cha polisi. Fomu ifuatwe na mtu mwingine huku tiba ikiendelea. Kenya, Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na anayefikishwa mapokezi akiwa na maumivu makali anaweza kulitaja hilo.

Yanapozidi baada ya kufungwa

Mfupa ukishatulizwa, namba inapaswa kushuka. Ikipanda badala ya kushuka, fungua vitambaa uangalie. Huenda vimekaza kwa sababu ya uvimbe. Kama umelegeza na bado anaumia kupita jeraha lenyewe, misuli ya muundi au ya mkono imejaa ngumu kwa kuigusa, na kumnyooshea vidole kunamfanya apige kelele, shinikizo limepanda ndani ya misuli na linaminya damu. Usiunyanyue mguu juu, uweke usawa wa moyo, na usisubiri vidole vipoteze mapigo, kwani hiyo ni dalili ya mwisho. Saa chache zinatosha kuua misuli. Anahitaji daktari wa upasuaji kuichana ngozi na utando unaobana misuli, na hospitali ipigiwe simu mkiwa bado njiani.

Kwenye kipande cha karatasi au juu ya bendeji yenyewe, andika saa ya ajali, saa ya kufunga banzi, namba ya maumivu kabla na baada, jina la dawa, kipimo, njia iliyopitia na saa iliyotolewa. Mpe karatasi hiyo muuguzi wa mapokezi mkononi, kwa kuwa ndugu aliyesafiri na mgonjwa ataulizwa mambo hayo wakati hata saa ya sasa haijui.